Daktari wa Figo na Jina la Babu

Daktari wa figo hakuwa na muda na "habari za asubuhi". Ukimwamkia shikamoo aliitikia marahaba, tena upesi upesi, kisha akakutazama vifundo vya miguu na kuuliza, "Umekunywa maji leo?" Alimwuliza hivyo mganga mkuu, akamwuliza mfagizi, na mchana mmoja wa Ramadhani alimwuliza shehe wetu mbele za watu, shehe akabaki ameduwaa na tasbihi mkononi. Dodoma yenyewe ndiyo hii, vumbi na upepo, bomba linatoa maji kwa zamu na siku nyingine linatoa hewa tupu. Watu walimwona mwehu. Yeye alisema figo haipigi kelele, na siku ikisema, ujue imeshakata tamaa.

Mimi nilikuwa mpiga chapa wake. Kila makala aliyoandika baada ya kurudi kutoka masomoni ng'ambo ilipita kwenye vidole vyangu hivi, na kama mnataka kujua kwa nini siku hizi nina mkono mzito kwenye majina ya watu, sababu ni hiyo. Jina lake silitaji. Si adabu tu. Majina yake yameshatuponza vya kutosha, na katika kuponza huko mimi nimo. Nitafika, msiniharakishe.

Alikuwa bahili wa karatasi, jamani, bahili wa kupindukia. Rasimu zake alizileta zimeandikwa nyuma ya fomu za kulaza wagonjwa, nyuma ya matangazo ya mikutano, mara moja nyuma ya kadi ya mchango wa harusi. Maandishi yenyewe kuku amepita. Nikikosea herufi moja alinyoosha kidole cheupe kwa chaki, maana alifundisha wauguzi kila Jumanne, akasema, "Bi Taipu, hapa." Basi, "hapa" yake hiyo ilinitosha siku nzima. Koma ikikaa pasipo pake aliiona kutoka mlangoni. Majarida ya ng'ambo yalipomrudishia nakala za kusahihisha kabla ya kuchapwa, alijifungia nazo siku mbili na kalamu nyekundu, na hakuna aliyethubutu kubisha hodi.

Sasa mtu wa namna hiyo, mtu wa koma, ungedhani hawezi kupotewa na kitu kikubwa.

Chumba chetu cha figo kilikuwa mwisho wa korido, karibu na stoo. Vitanda vinne, mizani moja, kabati la mafaili, na meza yangu yenye mashine ya taipu iliyokuwa ikiruka herufi ya kei. Juu ya mlango alinifanya nibandike kipande cha boksi chenye maneno yake: MTU MMOJA, JINA MOJA, MPAKA KABURINI. Hilo ndilo lililokuwa likimtoa povu kuliko yote. Watu wa kwetu mnawajua. Nyumbani mtu ana jina lake, kanisani au msikitini analo jingine, kwenye kadi ya chama karani kaandika alivyosikia, na akiugua sana anaweza kubadilishwa jina kabisa ili ugonjwa umpotee. Daktari alikuwa akifuatilia figo za watu walewale mwaka hadi mwaka, na mgonjwa akirudi na jina jipya ni mgonjwa aliyepotea.

Namkumbuka mzee mmoja mfugaji aliyetoka upande wa Mpwapwa, mrefu, amejifunga shuka, fimbo mkononi. Daktari alimsalimia kwa lugha yao, "Mbukwenyi," mzee akafurahi. Kisha akamwuliza jina.

"La kanisani au la nyumbani?" mzee akauliza.

"La kwenye figo!" Daktari akafoka. "Mzee wangu, umekuja hapa mara tatu, na una mafaili matatu! Kila faili linasema ndiyo kwanza umeanza kuumwa! Nitajuaje kwamba umezidiwa?"

Mzee akafikiri, akasema kwa upole, "Daktari, mimi nilikuwa najijua ni yuleyule."

Tulicheka wodi nzima, na Daktari naye akacheka mwishowe. Akachukua mafaili yote matatu, akayashona kwa uzi wa kushonea vidonda. Wiki ile mzee alipokosa siku yake ya kurudi, Daktari alipanda basi Jumamosi, siku yake ya kupumzika, akaenda Mpwapwa kumtafuta kijiji hadi kijiji akiuliza majina yote matatu. Huyo ndiye aliyekuwa akiwafokea wagonjwa mpaka wanatetemeka. Na huyohuyo aliyewakataza watu chumvi kama dini, nilimfumania mara ngapi nyuma ya stoo anatafuna karanga za chumvi, anajifuta midomo mbio kama mwizi wa sukari!

"Bi Taipu, hukuniona," alikuwa akisema.

"Sijakuona, Daktari."

Tena alikuwa na njaa nyingine, kubwa kuliko ya karanga. Alitaka kunukuliwa. Mwanzoni sikuelewa, nikadhani ni majivuno ya wasomi. Akanieleza: unapoandika jambo la kweli, mwenzako huko aliko analichukua, analiegemea, na chini ya makala yake anaandika, hili nimelipata kwa fulani. Kuna daftari kuu huko ng'ambo linalokusanya nukuu hizo zote, limepangwa kwa majina ya waandishi. Ukiwa na nukuu nyingi, maneno yako yana uzito. Ukiwa huna, uliongea peke yako chumbani. "Na wagonjwa wangu," alisema, "hawana mtu mwingine wa kuwasemea. Nikiongea peke yangu, wao wamekufa kimya."

Daftari lenyewe hapa kwetu halikuwepo. Tulichokuwa nacho ni kadi. Wasomi wa nchi nyingine wakiona jina la makala walituma kadi ya posta kuomba nakala. Kila Ijumaa nilichukua ufunguo wa sanduku nikaenda posta, naye alisimama dirishani akiningoja, anajifanya anatazama mvua ambayo haipo. Kadi ikiwepo aliisoma, akaisoma tena, akaiweka kwenye kopo la biskuti. Isipokuwepo alisema, "Sawa," na kwenda kumfokea mtu wodini.

Ijumaa moja karani wa posta aliniita. "Kuna kadi ya mtu hapa simjui, lakini sanduku ni lenu. Nilitaka kuirudisha." Nikatazama jina, nikaangua kicheko palepale. Lilikuwa jina la babu yake Daktari.

Hapa ndipo pangu. Sikilizeni vizuri.

Rasimu zake hazikuwa na jina. Juu aliandika tu, "Weka jina langu." Mimi nilifundishwa kazi serikalini, na serikalini mtu bila majina matatu hajakamilika: lake, la baba, la babu. Hivyo ndivyo alivyoandikwa kwenye faili lake la masijala, na hivyo ndivyo nilivyompiga chapa, makala baada ya makala, kwa fahari kabisa, naona nampa heshima yake yote. Kumbe yale aliyoyaandika zamani akiwa masomoni aliyatia majina mawili tu, lake na la baba. Na kumbe wenzetu wa ng'ambo jina la mwisho ndilo wanalolishika. Za zamani zikawa za baba. Zangu zote zikawa za babu.

Siku ile wala sikuyawaza hayo. Nilimpelekea kadi nikicheka, naye alicheka mpaka akavua miwani. "Babu yangu," alisema, "alichunga ng'ombe mpaka akafa, hakujua kusoma hata herufi moja. Leo Ulaya wanamwandikia barua!" Akaishika ile kadi jioni nzima. Zikaja nyingine za babu, na nyingine, mpaka kopo likajaa tukaanza la pili. Tulizoea. Ikawa utani wetu: "Babu kapata barua?" "Babu kapata mbili."

Halafu mdogo wangu Mwajuma akaumwa.

Alianza kuvimba uso asubuhi, tukadhani usingizi. Akavimba miguu. Nilimpeleka kwa Daktari mwenyewe, nikiwa na uhakika kwamba atasema ni kitu kidogo. Alimtazama vifundo, akabonyeza kwa kidole, shimo likabaki. Hakumwuliza kama amekunywa maji. Wallahi nilipoona hakuuliza, nilitambua si kitu kidogo.

Ndipo nikajua kwamba kuna watu ambao daktari yule aliwakataza maji. Mwajuma alilazwa, akapimiwa kwa kikombe kidogo cha kahawa, kile chenye ua jekundu lililochorwa ndani katikati, maji mpaka kwenye ua, mara chache kwa siku, basi. Mwezi wa Oktoba, Dodoma, jua limesimama utosini. Mdogo wangu alikuwa fundi cherehani, mcheshi, mwenye mdomo mpana wa kucheka. Alinisihi. "Dada, jaza kidogo. Dada, hata ua lisionekane." Na mimi nikapima nusu, mpaka kwenye ua, nikaondoka na mtungi ili asinione nikilia.

Daktari alituambia kweli bila kuzungusha: figo zake zimechoka, kinachoweza kumshika ni mashine ya kusafisha damu. Mashine zilikuwa mbali mno, na si za mtu kama mimi. Lakini kulikuwa na mfuko mmoja wa wafadhili ng'ambo uliokuwa tayari kuleta mashine mbili na kukigeuza chumba chetu kuwa kituo, kwa sharti moja: anayeomba awe mtafiti ambaye maandishi yake yanaegemewa na wengine. Wangetafuta wenyewe kwenye daftari kuu la nukuu.

"Tunalo kopo," Daktari aliniambia, na ile ndiyo mara ya kwanza kumwona akitabasamu bila kujificha. "Makopo mawili! Mwajuma atakuwa wa kwanza kukaa kwenye kile kiti."

Nilipiga chapa maombi yale nikiwa nimetawadha. Msinicheke. Sikukosea hata koma moja. Na kwa kuwa fomu ilikuwa na nafasi ya majina mawili tu, niliandika mawili, lake na la baba.

Jibu lilichukua miezi. Miezi hiyo nayo hospitali ilikuwa ikigeuka mikononi mwetu. Nchi ilishafunguliwa milango, mitumba imejaa sokoni, kila ofisi wanasomwa watu wa kupunguzwa kazi, na wakubwa walikitaka chumba chetu wakifanye wodi ya kulipia yenye mapazia na feni. Daktari aliwaambia wangoje barua. Mwajuma alingoja barua. Mimi nikawa naenda posta kila siku, si Ijumaa tu, mpaka karani akawa ananionea haya na kutikisa kichwa kabla sijafika dirishani.

Barua ilipofika, Daktari aliisoma amesimama. Akaikunja. Akaenda wodini akapita kitanda kwa kitanda, kama kawaida, na alipofika kwa Mwajuma akakaa pembeni ya kitanda, jambo ambalo hajawahi kulifanya kwa mgonjwa yeyote. Mwajuma akamwuliza, "Mashine, Daktari?"

"Hawakunisikia, mwanangu," akasema.

Wiki mbili baadaye tuliamriwa kuhama. Nilikuwa nafungasha droo yake nikaiona ile barua. Walisema kwa heshima kwamba nukuu za mwombaji ni chache, tena za zamani, na inaonekana aliacha kuandika muda mrefu uliopita. Aliacha kuandika! Walikuwa wameambatisha nakala ya ukurasa wa lile daftari. Jina lake na la baba, na chini yake vijimakala vya masomoni, basi. Nikatafuta kazi zangu. Haimo hata moja. Nikakagua tena kwa kidole. Kisha nikafungua kabati, nikatoa makala tulizochapa pamoja, nikazipanga sakafuni, na juu ya kila moja nikakuta jina la mwisho ni la yule mzee aliyechunga ng'ombe.

Nilikaa chini palepale. Juu ya mlango kile kipande cha boksi kilikuwa bado kinaning'inia: mtu mmoja, jina moja. Nilitamani kukila.

Sikumwambia. Ningeanzaje? Niliketi nikawaandikia wafadhili barua kwa jina langu mwenyewe, nikawaeleza kwamba mwenye jina la baba na mwenye jina la babu ni mtu mmoja, kwamba kosa ni la mpiga chapa na si la Daktari, kwamba kuna msichana anangoja. Nikaituma. Mwajuma alifariki siku ya arubaini na mbili tangu barua ile iondoke, alasiri, kikombe chenye ua kikiwa kandoni pake kimekauka. Daktari alikuja mazikoni. Alisimama mbali na mimi, akatupa udongo wake, akaondoka bila kunipa mkono. Nikajua amejua. Nikajua ananichukia, na nikaona ana haki.

Chumba kikawa wodi ya kulipia. Mimi nikapunguzwa, yeye akastaafu mapema. Jibu la barua yangu halikuja. Nikafungua kibanda changu cha taipu kule Area D, napiga barua za maombi ya kazi na mikataba ya viwanja, na kila mteja namwuliza mara tatu jina lake kamili mpaka wananiona nina kasoro. Watu huniambia hata kama ile mashine ingekubaliwa isingewahi. Labda. Hilo ni neno la kunilaza tu, na halijanilaza.

Miaka ikapita hivyo. Mwaka juzi mteja mmoja akaniambia Daktari yuko Zuzu, karibu na reli, anaishi na mpwa wake. Nilikaa na habari hiyo wiki nzima inaniwasha. Kisha nikajitanda kanga nikaenda, maana nilisema nikifa na hili kifuani hata kaburi halitanikubali.

Nilimkuta barazani, kwenye kiti cha kamba, blanketi miguuni ingawa jua lilikuwa kali. Alikuwa amekonda uso. Kando yake kwenye kigoda yapo makopo mawili ya biskuti.

"Shikamoo, Daktari."

"Marahaba." Akanitazama muda. "Bi Taipu."

Hakuniuliza kama nimekunywa maji. Nikapiga magoti, nikayamwaga yote kwa pumzi moja kabla ujasiri haujanitoka: faili la masijala, majina matatu, fomu, ile barua niliyoikuta drooni. "Ni mimi niliyekupoteza, Daktari. Ni mimi niliyemwua mdogo wangu. Nimekuja uniambie utakalo."

Treni ya mizigo ikapita taratibu, tukaingoja iishe.

"Inuka," alisema. "Umesahau nilivyokuwa nasahihisha?"

"Sijasahau."

"Koma zote niliziona. Unadhani jina langu mwenyewe sikuliona? Niliona tangu makala ya kwanza. Nilishika kalamu nyekundu nilikate jina la babu, nikashindwa. Yule mzee alinilea. Nikasema acha na yeye atembee. Nilijua daftari lile linashika jina la mwisho tu, Bi Taipu. Wewe hukujua. Mimi nilijua, nikaona ni utani." Akaweka mkono juu ya kopo. "Na siku ya maombi nikasahau. Mtu niliyewafokea wazee wa watu kwa ajili ya majina!"



"Barua yako ilijibiwa," akaendelea. Akafungua kopo la pili, akatoa bahasha chini ya kadi zote. "Walileta kwa jina langu. Walikubali. Walisema wamehesabu upya, na nukuu zinatosha, zinatosha na kuzidi. Tuombe kwenye kikao kijacho."

"Ilikuja lini?"

"Siku ya tatu baada ya maziko."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekwambia nini? Chumba hakipo, mtoto hayupo. Nilikuwa nikikuona sokoni najificha nyuma ya magunia." Akaniangalia sasa, macho yamejaa. "Nisamehe, dada yangu."

Hakuwahi kuniita dada. Na mimi niliyekuja kuomba msamaha, nikautafuta wa kumpa, sikuuona. Nilitafuta kwa kweli. Nilimwona Mwajuma anasema jaza kidogo, nikaliona lile jina linalopendeza juu ya makala, na kalamu nyekundu imesita juu yake. Miaka yote ile nimebeba mzigo peke yangu na mwenzangu anajificha nyuma ya magunia! Nikasimama. Nilitaka kuondoka. Nikaona midomo yake ilivyopasuka kwa ukavu, na mdomo wangu ukauliza wenyewe.

"Umekunywa maji leo, Daktari?"

Akatabasamu kidogo, akatikisa kichwa. "Mtungi uko ndani, mlangoni."

Niliingia, nikachukua bilauri kubwa, nikaijaza mpaka juu. Nilipotoka nayo aliinua mkono kunizuia, na blanketi likamteleza miguuni. Nikaviona vifundo. Havikuhitaji kubonyezwa.

"Hiyo ni nyingi mno," alisema. "Kuna kikombe kidogo juu ya kabati."

Nikarudi ndani nikakikuta, kikombe cha kahawa, hakina ua. Nikainamisha mtungi, nikapima kwa macho, mkono ukasimama wenyewe pale ulipozoea kusimama.

"Nusu," akaniambia kutoka barazani.

Nilikuwa nimeshapima nusu.